Kiyoyozi hakipozi? Kagua haya kabla ya kujaza gesi

Mwezi wa kwanza ukiingia na kaskazi imeshashika, Tanga hakulaliki. Hapo ndipo mwenye kiyoyozi anapogundua kuwa chake kinapuliza hewa ya vuguvugu, na simu kwa fundi huwa ni ileile: "Fundi, gesi imeisha, njoo ujaze." Fundi wa waja leo waondoka leo anafika na mtungi, anajaza, anachukua chake, anakwenda zake. Wiki chache baadaye anapigiwa tena.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha. Haichomwi. Inazunguka ndani ya bomba zilizozibwa pande zote: inachukua joto chumbani, inalitupa nje, inarudi kuchukua jingine. Mashine iliyofungwa sawasawa inaweza kuzeeka na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na anayejaza bila kutafuta tundu amekuuzia nusu ya kazi. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na mchukuzi hapa si wewe.

Kwa nyumba za pwani, mpangilio wa visababishi nauweka hivi: kwanza uchafu, pili chumvi ya bahari, tatu umeme mdogo, nne chumba chenyewe. Gesi inakuja ya tano. Dalili zifuatazo ni zile zinazolalamikiwa mara kwa mara kuanzia Raskazone hadi Pongwe, na chini ya kila moja nimeanza na unachoweza kukagua mwenyewe bila bisibisi.

Kabla hujagusa chochote zaidi ya rimoti, zima breka ya kiyoyozi, ile swichi yake ya usalama inayokata umeme. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, maana umeme bado umo ndani ya mashine. Na ukishazima, usiwashe papo hapo. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inahitaji dakika tatu hivi ili mgandamizo wa gesi utulie pande zote mbili. Mashine nyingi hujichelewesha zenyewe, ndiyo maana mtu anabonyeza rimoti, anaona kimya, anabonyeza tena na tena akidhani imekufa.

KINAPULIZA LAKINI HAKIPOZI

Anza na rimoti. Usicheke, watoto na wageni wanabonyeza. Tafuta alama ya theluji kwenye kioo chake. Kama kuna alama ya feni pekee, kiyoyozi kinazungusha hewa tu. Kama kuna alama ya jua, na mashine yako ni ya aina inayoweza kupasha, itakupasha joto. Weka theluji, joto nyuzi 24, feni kasi ya juu, funga mlango, subiri robo saa.

Kisha pima. Kipimajoto cha kawaida kinatosha. Kiweke juu ya mashine ya ndani, pale hewa inapoingia, soma. Halafu kwenye mdomo inapotokea, soma tena. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12, kiyoyozi kinafanya kazi na tatizo lako liko kwenye chumba. Siku za masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, tofauti hushuka kidogo kwa sababu nguvu nyingi inaishia kukamua maji hewani. Ikiwa tofauti ni nyuzi mbili tatu, endelea kusoma.

Filta. Fungua kifuniko cha mbele, zichomoe zile nyavu mbili. Ukiishika juu na usione mwanga kupita, umepata jibu. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, kausha kivulini, rudisha. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, kama upande wa Kange na Pongwe, ifanye hivyo kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi. Mjini katikati mara moja kwa mwezi inatosha. Nyumba yenye paka, ongeza bidii.

Filta ikiwa safi, toka nje ukatazame mashine ya pili, maana huko ndiko Tanga inakotofautiana na Dodoma. Mgongo wa mashine ya nje una mapezi membamba ya alumini. Kazi yake ni kutupa nje joto lililotolewa chumbani. Upepo wa bahari unaleta chembe za chumvi, chumvi inavuta unyevu, unyevu unashika vumbi, na baada ya msimu mmoja mapezi yamepata ukoko mweupe na joto halina pa kutokea. Kompresa inaanza kuhangaika, inachemka, inajizima ili isiungue, inapoa, inawaka tena. Wewe ndani unaona tu kwamba mchana haipozi na usiku inapoza kidogo. Dalili hiyo, mchana vibaya na usiku afadhali, kwa kawaida ni ya mapezi yaliyoziba au mashine iliyofungwa mahali pasipo na hewa.

Dawa ni kuosha, na kuosha kuna utaratibu wake. Zima breka. Tumia maji ya bomba yenye msukumo wa kawaida, kuanzia juu kushuka chini, na brashi laini inayofuata mapezi yalivyolala, usikate kati. Usipeleke mashine ya kuoshea magari. Itayalaza mapezi yote na utakuwa umeziba kabisa ulichotaka kuzibua. Usikubali fundi anayekuja na tindikali au dawa ya kusafishia choo. Alumini itang'aa siku hiyo, kisha itaanza kuliwa.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi. Ukioshea maji hayo umeongeza ulichokuwa unaondoa. Maji ya bomba la mjini yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, hayo hayana chumvi na yanafaa. Ukiwa huna bomba, kinga maji ya mvua. Nyumba za Raskazone, Sahare na Mwambani zinazotazama bahari zioshe kila mwezi wakati wa kaskazi. Za Makorora au Mikanjuni kila miezi mitatu hazitakulaumu.

Ukiwa hapo nje, tazama kama feni inazunguka wakati ndani kumewashwa. Kama mashine inanguruma lakini feni imesimama, au inajaribu kuzunguka inashindwa, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, kile kikopo kidogo kinachosukuma mota ianze. Ni kipuri cha bei ndogo na fundi anakibadilisha kwa muda mfupi. Usikibadilishe mwenyewe. Kapasita inahifadhi umeme hata baada ya breka kuzimwa. Na ile tabia ya kuisukuma feni kwa kijiti ili ianze, iache. Vidole vimekwenda kwa njia hiyo. Zima, subiri fundi, maana kompresa ikiendelea bila feni itaungua na hiyo si bei ndogo tena.

Umeme mdogo ndio unaofuata. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230. Kati ya saa moja na saa tano usiku, kila nyumba imewasha taa, friji na pasi, na kwenye mitaa iliyo mbali na transfoma volti zinashuka. Taa zikififia kila kompresa inapojaribu kuwaka, halafu ikazima baada ya sekunde chache kwa mlio wa "tak", hiyo ni volti inayoshindwa kuianzisha. Mwombe fundi umeme apime kwenye soketi wakati huohuo wa usiku, siyo saa nne asubuhi ambapo kila kitu kinaonekana kizuri. Ikishuka chini ya 200 mara kwa mara, usiendelee kulazimisha. Ripoti TANESCO, na kwa upande wako weka stabilaiza ya ukubwa unaolingana na kompresa inapoanza, kwa sababu wakati wa kuanza inavuta umeme mwingi kuliko ikishazoea.

Kama nyumba moja tu ndiyo inayofifia na jirani yuko sawa, kosa liko kwenye waya wako. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinataka waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye breka yake peke yake. Cha 18,000 au 24,000 kinataka milimita 4. Ukikikuta kimechomekwa kwenye ekstensheni pamoja na friji na televisheni, hapo hatuzungumzii tena ubaridi, tunazungumzia moto.

Chumba chenyewe nacho kinashitakiwa. Nyumba nyingi za zamani Ngamiani na Chumbageni zina matundu ya hewa juu ya madirisha. Waliojenga walikuwa na akili: hewa ya moto inapanda, inatoka. Lakini ukishaweka kiyoyozi, matundu hayo yanaingiza hewa ya bahari yenye unyevu usiku kucha, na mashine inakazana kuikausha Tanga nzima. Yazibe kwa ndani. Madirisha ya vioo vya kupandiana nayo hayafungi barabara. Dari ya jipsamu chini ya bati lisilo na kizuizi cha joto inapikwa na jua mpaka saa mbili usiku, na hakuna mashine ndogo itakayoshinda joto hilo. Kwa hesabu ya haraka, chumba cha pwani kinahitaji BTU 600 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mita 12 za mraba zinatoshana na mashine ya 9,000 pakiwa na dari nzuri, na inayofuata juu yake pakiwa hakuna.

Umemaliza yote hayo na bado? Sasa gesi tunaweza kuizungumza.

Dalili zake ni hizi. Nje, kwenye maungio, kuna bomba nene na bomba jembamba. Kiyoyozi kizima kikikimbia, bomba nene linakuwa baridi na linatoa jasho. Gesi ikipungua, bomba nene linakuwa kavu na la vuguvugu, na jembamba mara nyingi linaota barafu nyeupe. Tazama pia kama kuna mafuta yaliyolowana na vumbi kwenye nati za maungio, kwa sababu gesi ikivuja hutoka na mafuta ya kompresa kidogo. Paka povu la sabuni ya vyombo hapo mashine ikiwa imezimwa. Mapovu yakipanda, umelipata tundu bila kulipia senti. Kwa huku kwetu, mahali pa kuanzia ni hizo nati, kisha vipinda vya shaba pembeni mwa mapezi ya nje ambavyo chumvi imevitafuna.

Kuanzia hapo ni kazi ya fundi, lakini unaweza kuisimamia. Fundi anayejua kazi anafanya hivi: anatafuta mvujo, anauziba au anakata na kuunga upya, anajaribu mgandamizo kwa nitrojeni, anafyonza hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, ndipo anajaza kwa kupima kwenye mizani kiasi kilichoandikwa kwenye lebo ya mashine. Akija na mtungi na geji pekee, akafungua na kumimina "mpaka bomba lipoe", ujue mtaonana tena.

Mambo matatu usiyakubali hata kwa ofa. La kwanza, mtungi wa oksijeni wa kuchomelea utumike kujaribu mgandamizo badala ya nitrojeni. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, na watu wamekufa. La pili, gesi ya kupikia iingizwe kwenye kiyoyozi. Kitapoza, na siku kitakapovuja karibu na cheche utajuta. La tatu, kuchanganya gesi. Lebo inasema R22, R410A au R32, na kila moja ina mgandamizo wake. R410A inakandamiza zaidi ya mara moja na nusu ya R22. R32 nayo inaweza kushika moto, kwa hiyo madirisha yafunguliwe na sigara zizimwe wakati fundi anaifanyia kazi.

Wenye mashine za R22 niwaambie wazi: chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuacha gesi za kundi hilo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Mashine ya R22 inayovuja kwenye koili, yaani mabomba ya shaba yenye mapezi, iliyoliwa na chumvi, usiizike pesa humo. Nunua nyingine, na ulizia yenye mapezi yaliyopakwa kinga ya kutu.

MAJI YANADONDOKA NDANI

Kiyoyozi kinakamua maji hewani. Hewa ya Tanga ina maji ya kukamuliwa. Swali ni kwa nini hayatoki nje.

Mara nyingi bomba la maji limeziba kwa ule utelezi wa kijani, au nyigu wamejenga kwa udongo kwenye mdomo wake. Toka nje, tafuta mdomo wa bomba, safisha. Kama hayatoki, zima mashine na uvute kwa kifyonza vumbi cha maji kutoka upande wa nje, au puliza taratibu. Kisha mimina ndani ya trei inayokinga maji kwenye mashine ya ndani kikombe cha maji ya vuguvugu yenye siki kidogo. Dawa ya kung'arishia nguo usiiweke, inakula alumini.

Kuna kisa kingine ambacho hurudia kwenye nyumba za kupanga. Watu wanakinga maji hayo kwenye ndoo, na mdomo wa bomba unazama ndani ya maji ya ndoo. Hewa inakosa kupita, maji yanarudi nyuma, yanadondoka kitandani. Inua bomba, liache lining'inie juu ya maji. (Maji yenyewe ni ya kumwagilia maua au kudekia. Yamepita kwenye vumbi, kuvu na shaba. Hayanyweki, hata yakionekana safi.)

Ikiwa bomba ni safi na bado yanadondoka, weka pima maji, kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa, juu ya mashine ya ndani. Labda imeinamia upande usio na bomba. Na kama maji yanatokea ukutani mbali na mashine, sponji inayofunika mabomba imechanika na bomba baridi linatoa jasho ndani ya dari. Hilo fundi analifunika upya; ukiliacha, jipsamu itaanguka.

KOILI INAOTA BARAFU

Unafungua kifuniko unakuta barafu nyeupe, na mwenye nyumba anafurahi eti baridi imezidi. Hapana, hiyo ni mashine iliyokosa hewa au iliyokosa gesi. Zima upande wa kupoza, acha feni tu kwa saa mbili au tatu mpaka iyeyuke, na utandike taulo chini. Usikwangue kwa kisu. Koili ni nyembamba na utaitoboa mwenyewe. Ikishayeyuka, osha filta na ujaribu tena. Ikirudi na filta ni safi, basi ama ile feni ya ndani inayozungusha hewa imejaa uchafu, ama gesi imepungua. Vyote viwili ni vya fundi.

HAKIWAKI KABISA

Betri za rimoti kwanza. Kujua kama rimoti ni nzima, ielekeze kwenye kamera ya simu, hasa ya mbele, ubonyeze kitufe: taa yake isiyoonekana kwa macho itaonekana ikimweka kwenye kioo cha simu. Haimweki, rimoti imekufa. Chini ya kifuniko cha mashine ya ndani kuna kitufe kidogo cha dharura kinachoiwasha bila rimoti. Kikiwasha, tatizo limejulikana.

Kama hata hicho hakifanyi kitu, tazama breka, kisha gadi (kifaa kinachokata umeme volti zikicheza) au stabilaiza kama ipo. Baadhi ya gadi husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme. Tazama pia LUKU isije ikawa imeisha upande mmoja wa nyumba yenye mita mbili.

Baada ya hapo anakuja mjusi. Sitanii. Mijusi wa ukutani wanapenda joto la bodi ya umeme ndani ya mashine ya nje, wanajipenyeza, wanagusa nyaya mbili kwa pamoja, na wanakufa na bodi. Kwenye relei, ile swichi inayoipa kompresa umeme, wanabanwa katikati na kompresa haipati umeme. Fundi akifungua atamkuta. Mwambie baada ya kutengeneza azibe matundu ya kupitishia nyaya kwa silikoni. Sisimizi nao wana mtindo huohuo, hasa wakati wa masika wanapokimbia maji.

Kama hakikuwaka tena mara tu baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, au baada ya radi, usijaribu kuwasha mara nyingi. Bodi imepata pigo. Mashine za inveta, zile zinazobadili kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha, ndizo zinazoumia zaidi, na ndani yake umeme mkali unabaki kwa dakika kadhaa hata breka ikiwa chini. Hiyo si ya kufungua nyumbani.

BREKA INAANGUKA, AU UKIGUSA MASHINE UNAPIGWA SHOTI

Hapa hakuna cha kujaribu. Shoti hata ndogo, ile ya kusisimua vidole unapogusa mashine ya nje baada ya mvua, maana yake umeme umefika kwenye bati na ethi haifanyi kazi yake. Zima breka, weka kizuizi watoto wasifike, ita fundi umeme. Usiishike kwa kandambili ukidhani zitakukinga.

Breka ikianguka mara moja, inaweza kuwa volti zilicheza. Inua baada ya dakika kadhaa. Ikianguka tena, iache chini. Wengine wanabadilisha breka ya ampea 20 na kuweka ya 40 "ili isisumbue". Breka inasumbua ili waya usiwake moto ndani ya ukuta. Ukiinyamazisha, waya ndio utakaosema.

Fundi wa kushughulikia nyaya za nyumba awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Muulize, hatakasirika aliye nayo. Wa kiyoyozi chenyewe mtafute aliyesomea majokofu na viyoyozi, VETA au kwingine, na mwenye vifaa nilivyovitaja juu.

LUKU INAKIMBIA

Piga hesabu kabla ya kulalamika. Mashine ya 9,000 isiyo ya inveta inakula kilowati 0.8 hivi ikiwa kompresa inakimbia. Ukiiwasha saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, saa nane, na kompresa ikikimbia nusu ya muda, ni uniti tatu na kidogo kwa usiku. Kwa mwezi inakaribia mia. Mteja wa matumizi madogo, yule wa D1, mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo kiyoyozi peke yake kimeshamtoa humo hata kabla hajachemsha maji ya chai.

Matumizi yakipanda ghafla bila wewe kubadilisha kitu, rudi kwenye mapezi na filta. Yakiwa makubwa tangu siku ya kwanza, umeweka nyuzi 16. Nyuzi 16 hazipozi chumba haraka zaidi. Zinaizuia tu kompresa kupumzika. Weka 25 na feni ya dari kasi ndogo.

Kubwa mno nako kuna gharama. Mashine ya 24,000 kwenye chumba kidogo cha kulala inashusha joto kwa dakika chache, inazima kabla haijakausha hewa, na unalala kwenye baridi yenye unyevu. Shuka zinakuwa na ubichi, viatu vinaota kuvu. Jaribu alama ya tone la maji kwenye rimoti, inapunguza kasi ili ikaushe zaidi.

Wapo wanaouliza kuhusu viyoyozi vya jotoardhi wanavyoviona Ulaya na Marekani, vinavyotupa joto ardhini badala ya hewani, kama vingewaokoa na LUKU. Mashine ni ileile, kompresa na gesi. Tofauti ni bomba zilizofukiwa. Kule zinalipa kwa sababu wanapasha nyumba miezi mingi ya baridi na ardhi yao kiangazi ni baridi kuliko hewa. Ardhi, ukishachimba mita kadhaa, hubaki karibu na wastani wa joto la mwaka mzima, na wastani wa Tanga mjini ni nyuzi 26 hivi. Faida juu ya hewa ya mchana ya nyuzi 32 ni ndogo, bei ya kuchimba ni kubwa, na maji ya chini yenye chumvi yangeanza kutafuna chochote cha chuma. Lushoto, mwezi wa saba, ningezungumza tofauti. Na chemchemi za moto za salfa kule Amboni ni habari nyingine: hilo ni joto linalopanda kutoka chini, ambalo mwenye kutaka kupoza chumba halihitaji.

HARUFU

Ya ubichi na soksi ni kuvu kwenye koili. Osha filta, kisha usiku wa mwisho wa wiki acha feni peke yake nusu saa kabla ya kuzima ili koili ikauke. Ikibaki, fundi aoshe kwa ndani. Ya choo: mtu ameunganisha bomba la maji ya kiyoyozi kwenye bomba la maji machafu, na gesi za shimo zinapanda kulala na wewe. Litenganishe. Ya kuoza: mjusi, tena. Ya plastiki kuungua: breka chini sasa hivi.

KELELE NA MTIKISIKO WA NJE

Mlio wa kutikisika mara nyingi ni skrubu za bati zilizolegea, unazikaza. Mlio wa chuma kusagana ni beringi ya feni. Lakini ukiwa unasikiliza, inua macho uangalie mabano yanayobeba mashine ukutani. Mashine ya nje mara nyingi ina uzito wa kilo 25 hadi 35, na mabano ya chuma cha kawaida yanayotazama bahari huoza kutoka ndani ya rangi, ukiona tu michirizi ya kahawia ukutani. Gonga kwa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinamomonyoka. Kikimomonyoka, funga njia ya chini watu wasipite, zima mashine, na fundi aje na mabano mapya ya chuma kisichoshika kutu au yaliyochovywa zinki, pamoja na boliti za aina hiyohiyo. Boliti za kawaida kwenye mabano mazuri zitakurudisha palepale.